Lenzi Kwanza, Jina Baadaye: Kuteua Kamera ya Kwanza ya Renjifainda

Anayetaka kununua kamera yake ya kwanza ya filamu ya aina ya renjifainda aghalabu hukutana na jina kabla ya kukutana na chombo. Jina hilo ni Leica. Huambiwa na waliomtangulia kwamba bila Leica hajaanza, na kwamba kitu kingine chochote ni cha kujishikiza tu hadi riziki itakapopatikana. Matokeo yake ni kwamba kijana mwenye akiba ndogo hukaa miaka akitamani, pasi na kupiga hata picha moja. Makala haya yanaupinga ushauri huo. Yanashikilia kwamba kinachostahili kuteuliwa kwanza ni lenzi, kwamba lenzi hiyo iwe moja, na kwamba bodi ya kamera ihukumiwe kwa mambo mawili tu: jinsi inavyomwonyesha mpigapicha mipaka ya picha yake, na jinsi inavyopima masafa kwa usahihi. Chapa huja baadaye, ikiwa itakuja.

Pana haja ya kueleza chombo chenyewe, maadamu Kiswahili hakijakipa jina lililozoeleka. Wapo watakaopendelea "kipimamasafa", ila neno hilo humpeleka msomaji moja kwa moja kwa mpima ardhi na mpiga mizinga, ambao kweli walikuwa na vifaa vya namna hiyo kabla ya wapigapicha. Neno la mkopo halijatukuka, lakini halipotoshi. Kamera hii ina vidirisha viwili usoni vilivyoachana kwa sentimita chache. Taswira inayoingia kupitia kidirisha kimoja hurushwa na vioo hadi kwenye kingine, ikaonekana katikati ya kitazamio kama kivuli hafifu cha kile kinacholengwa. Mpigapicha anapozungusha lenzi, kivuli husogea. Kikilaliana sawasawa na taswira ya asili, lenzi imefika kwenye masafa yanayotakiwa. Ni hesabu ya pembetatu, wala hakuna miujiza. Kadiri vidirisha vinavyoachana, na kadiri kitazamio kinavyokaribia kuonyesha vitu kwa ukubwa wake halisi, ndivyo kipimo kinavyokuwa sahihi zaidi. Hili ni la kukumbukwa, kwa kuwa ndilo litakalotenganisha kamera nzuri na mbaya hapo mbele.

Leica ya kwanza iliyouzwa madukani mwaka 1925, kazi ya Oskar Barnack wa Wetzlar nchini Ujerumani, haikuwa na kipimo hicho kilichounganishwa na lenzi. Aliyeinunua alikadiria masafa kwa jicho. Kipimo kilichounganishwa kilikuja mwaka 1932, katika Leica II na katika Contax ya kampuni ya Zeiss Ikon. Mwaka 1934, mjini Kharkiv nchini Ukraine, vijana wa jumuiya ya kazi iliyolelewa na mwalimu Anton Makarenko, wengi wao wakiwa yatima na watoto waliookolewa mitaani, walianza kuunda nakala ya Leica. Waliiita FED, herufi za kwanza za jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mwasisi wa polisi wa siri wa Kisovieti. Baada ya vita, mwaka 1948, kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kikaanza kutoa Zorki, na Wajapani nao walikuwa wakiunda Canon zao. Basi wanaozungumza kana kwamba renjifainda ni mali ya ukoo mmoja wanasahau kwamba mikono ya watoto wa mitaani iliijua siri hiyo tangu miaka ya thelathini.

Jambo la manufaa zaidi katika historia hiyo ni skrubu. Leica za zamani, Zorki na Canon zote zilikubali lenzi za mzingo mmoja, wa milimita 39. Leica ilipohamia mfumo mwingine kwa kamera yake ya M3 mwaka 1954, kipete kidogo cha kuunganishia kilitosha kuzifanya lenzi za skrubu zikubalike huko pia. Maana yake ni kwamba lenzi iliyonunuliwa kwa kamera ya bei nafuu leo inaweza kuhamia kamera ghali kesho. Bodi hupita, lenzi hubaki. Pana tahadhari moja: lenzi za Kisovieti hazikufuata kipimo kile kile hasa, na ikiwekwa kwenye Canon au Leica, Jupiter-8 yaweza kukosea kidogo kwa vitu vilivyo karibu wakati tundu lake liko wazi kabisa.

Kabla ya kuteua lenzi, mnunuzi aelewe asichokinunua. Renjifainda haifai kwa ndege wala wanyama wa mbali. Anayeota simba wa Maasai Mara aende zake kwenye kamera ya kioo, ile inayomwonyesha mpigapicha kile kile kinachoonwa na lenzi. Haifai kwa mdudu juu ya ua, kwani nyingi hazilengi kitu kilicho karibu kuliko sentimita 70 au mita moja. Haionyeshi kipi kitakuwa bayana na kipi kitafifia. Hata kifuniko kikisahauliwa mbele ya lenzi, kitazamio kitaendelea kuonyesha dunia yote ikiwa imenawiri, na mtu atamaliza filamu nzima akipiga picha za giza. Badala yake hutoa mambo ambayo kamera ya kioo haiwezi. Kwa kuwa haina kioo cha kuinuka na kuanguka, sauti yake ni ndogo, sifa ambayo aliyealikwa kupiga picha kwenye Maulidi kule Lamu ataithamini. Aidha, katika nyingi mipaka ya picha huchorwa kwa mistari ndani ya kitazamio, na nje ya mistari hiyo mpigapicha bado anaona kinachokuja: mkokoteni unaokaribia, mtoto anayekimbia. Huona kabla ya kutokea.

Je, lenzi ipi? Mjadala huwa kati ya milimita 35 na milimita 50, na kila upande una watu wake. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyeanza kutumia Leica mwaka 1932 baada ya kurudi kutoka Ivory Coast, alishikamana na milimita 50 kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Aliwahi kusema kwamba kilichomwasha ni picha ya Martin Munkácsi, mpigapicha wa Hungaria, ya wavulana watatu wakikimbilia majini. Picha hiyo imejulikana ulimwenguni kama picha ya Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wachunguzi wanaoshikilia kwamba ilipigwa Liberia. Inastaajabisha kwamba mwili wa mtoto wa Kiafrika umeheshimiwa hivyo katika historia ya sanaa hii, ilhali hata ufuo alioukimbilia haujulikani kwa yakini.

Rai ya makala haya ni milimita 50, yenye tundu la f/2, kwa anayeanza. Milimita 35 huchukua mengi, na anayechukua mengi bila kusogea hupata picha iliyojaa ardhi tupu na mbingu tupu. Milimita 50 humlazimisha aamue nini kiachwe. Wapo watakaosema huko ni kujifunga. Ni kujifunga, kama mtunzi wa tarbia anavyojifunga kwa mizani kumi na sita na vina viwili. Hakuna msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakayedai kwamba Muyaka bin Haji aliishiwa na la kusema kwa sababu ya arudhi. Kuna sababu nyingine isiyo ya kifalsafa: lenzi za milimita 50 ziliuzwa pamoja na kamera nyingi, kwa hivyo ndizo zilizojaa na ndizo nafuu. Ama tundu la f/1.4, hilo ni gharama na uzito kwa kitu ambacho jua la ikweta halikihitaji. Filamu ya kasi ya 400 mchana wa jua kali huridhika na f/16 kwa sekunde moja ya mia tano.

Kuhusu bodi, Zorki-4 ndiyo rahisi kuliko zote za kubadilisha lenzi, na ina mashabiki. Lakini vidirisha vyake havijaachana sana, kitazamio hakina mistari ya mipaka, na kasi ya shata isipobadilishwa baada ya kuvuta filamu, mtambo waweza kuharibika. Chombo kinachomwadhibu mgeni kwa kosa la kwanza hakifai kuwa cha kwanza. Bessa R, iliyotolewa na kampuni ya Cosina ya Japani mwaka 2000 kwa jina la kale la Voigtländer, ina kipimanuru ndani na hutumia betri zinazopatikana kirahisi. Bodi yake ni ya plastiki nyingi, jambo linalowaudhi wapenzi wa chuma kuliko linavyoudhi picha. Chaguo bora kwa maoni ya makala haya ni Canon P ya mwaka 1959. Haina kipimanuru wala betri. Kitazamio chake huonyesha dunia kwa ukubwa wake halisi, hivi kwamba mtu anaweza kuacha macho yote mawili wazi. Na shata yake ni ya chuma. Anayeishi penye jua la utosini asidharau sifa hii: kwa kuwa renjifainda haina kioo cha kuzuia, lenzi iliyoelekezwa juani hukusanya miale moja kwa moja juu ya shata, na shata ya kitambaa, hata ya Leica ya thamani, huweza kutobolewa na moto huo. Chuma hukunjamana kikiguswa na kidole, na Canon P nyingi zina makunyanzi hayo, lakini aghalabu hufanya kazi vivyo hivyo.

Asiyeweza hata hiyo asikate tamaa. Canonet QL17 G-III ya mwaka 1972 ina lenzi ya milimita 40 isiyobanduka, yenye tundu la f/1.7. Hiyo si kasoro; kutobanduka ndiko kutimiza kwa lazima kile ambacho aya zilizotangulia zimekiomba kwa hiari. Iliundwa kutumia betri ya zebaki ambayo haiuzwi tena, na betri ya kisasa yenye nguvu tofauti hukipotosha kipimanuru chake. Hata hivyo, kasi na tundu zikipangwa kwa mkono, kamera hufanya kazi bila betri yoyote. Yashica Electro 35 haina msamaha huo, kwani bila betri hubaki na kasi moja tu.

Watetezi wa Leica wana hoja nzito, nayo isipuuzwe. M3 ya mwaka 1954 bado inatengenezeka, kipimo chake ni miongoni mwa vilivyo sahihi zaidi kupata kuundwa, na anayeiuza leo hapotezi pesa zake. Yote ni kweli. Lakini hoja hiyo inamhusu mwekezaji. Kamera ambayo mwenyewe anaogopa kuitoa mfukoni katika soko la Gikomba haitapiga picha Gikomba. Itapiga picha za sebuleni, na paka. Isitoshe, gharama kubwa ya ufundi huu haimo katika kamera. Robert Frank alipozunguka Marekani kati ya 1955 na 1957, alitumia filamu 767 ili kupata picha 83 za kitabu chake. Mwanafunzi hatafika huko, lakini aliyemaliza akiba yake yote kwenye bodi atapiga filamu mbili na kunyamaza. Nusu ya pesa iwekewe filamu na dawa za kusafishia. Filamu za rangi nyeusi na nyeupe kama Tri-X na HP5 Plus zinaendelea kuundwa, na kuzisafisha nyumbani kunahitaji tangi dogo, dawa mbili tatu na chumba kilichozibwa nuru kwa dakika chache za kuingiza filamu tangini.

Inabaki siku ya kununua. Muuzaji atasifu ngozi na mng'ao. Mnunuzi aje na kurunzi. Aimulike lenzi kwa nyuma, tundu likiwa wazi, atafute nyuzi mfano wa utando wa buibui. Huo ni ukungu unaoota ndani ya vioo, na kamera iliyokaa Mombasa au Lamu kabatini kwa miaka ishirini huwa imeualika. Lenzi yenye ukungu iachwe, hata kama bodi ni safi, maana bodi haikuwa sababu ya safari. Kisha aisikilize shata kwa kasi ya sekunde moja, ya nusu, ya robo. Ikikwama hapo, mafuta yameganda. Mwisho atoke nje ya duka, aizungushe lenzi hadi mwisho wake wa mbali, na kuelekeza kitazamio kwenye mlingoti au mnara ulio mbali sana. Taswira mbili zilaliane kabisa. Zikipishana kwa kando, fundi anaweza kurekebisha, na bei ipunguzwe kwa kiasi hicho. Zikipishana kwa juu na chini pia, kuna uwezekano kwamba kamera iliwahi kuanguka, na hapo muuzaji aulizwe zaidi kabla ya mkoba kufunguliwa.