Kitulo Wakati wa Mvua

Watu wengi husema kwamba atakaye kuzuru milima na aende kiangazi, maana njia ni kavu. Kwa Kitulo, uwanda ulio juu sana katika mikoa ya Mbeya na Njombe, mimi silikubali neno hilo. Toka Juni hata Agosti utaona nyasi zilizokauka, na baridi yake, wanafunzi, si mchezo! Bali mvua zinyeshapo, toka Desemba hata Aprili, uwanda hujaa maua, hata wenyeji wakauita Bustani ya Mungu. Njia huwa tope tupu, na iwe. Kuna aina 45 za maua ya okidi, ambayo viazi vyake vilichimbwa kwa wingi vikauzwa Zambia kuwa chakula, hata uwanda ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ajaye kiangazi hayaoni maua yenyewe yaliyokuwa yakiisha.