Akili ya fundi haipimwe na shefu mumoja

Wandugu wafanyakazi, kotasio ya mwisho wa mwaka inakaribia. Mu karatasi ya kampuni nyingi kuko sasa mustari wa «créativité», alama juu ya 10. Shefu anaijaza peke yake, mara ingine kwa dakika mbili, na ile alama inaingia mu hesabu ya prime na ya kupanda daraja.

Sindika haikatai watu wapimwe. Fundi mwenye kuvumbua anastahili kulipwa kuliko yule anayengoja tu saa ya kutoka. Lakini shefu anapima nini? Mara nyingi anapima mudomo. Mwenye Kifaransa kizuri mu reunio anapata 8. Fundi wa posti ya usiku, aliyekata mupira wa bande ya zamani akaziba nao pompu iliyokuwa inavuja, anapata 4, juu hakuna mukubwa aliyemuona. Asubuhi pompu inatembea, na mu rapoti wameandika «rien à signaler».

Tusichanganye pia uvumbuzi na Article 15. Mwenye kufunga kifaa cha usalama na waya ili mashine isisimame, yule hakuvumbua kitu. Ameweka wenzake mu hatari. Na mashefu wengine wanamupongeza, juu ya tani!

Njia ya kusadikika iko. Mu 1982 Teresa Amabile, mutafiti wa Marekani, alieleza namna hii: watu kadhaa wenye kujua ile kazi wanaangalia kitu chenyewe kilichotengenezwa, kila mutu peke yake, bila kusemezana. Alama zao zikikaribiana, zinaweza kuaminiwa.

Kwetu haiombi makuta mengi. Kila atelie ifungue kitabu: tarehe, tatizo, namna lilivyotengenezwa, na jina. Mara moja kwa mwezi, fundi mukubwa, mutu wa usalama na fundi wa atelie ingine watoe alama, jina likiwa limefichwa. Wakiachana mbali, waende kwenye mashine waone. Kisha miezi mitatu warudi: bado inatembea? Na mwenye kupimwa asome alama zake mbele ya kutia sinyatire.

Tunaomba delegasio ya sindika mu kila kampuni ipeleke hilo kwa direksio kabla ya kotasio. Kitabu kisipofunguliwa, ule mustari usihesabiwe mu prime ya mwaka huu.