Black Mirror inatambulikaje? Waulize waliokopa kwa simu

Tangu ianze Desemba 2011 Channel 4 ya Uingereza, kisha kuhamia Netflix mwaka 2016, Black Mirror haina mhusika wa kudumu. Karibu kila episodi ni kisa kipya. Hata jina ni skrini tu ikiwa imezimwa. Sasa inatambulikaje?

Mtunzi wake, Charlie Brooker, huchukua kitu tulichokwishakizoea akakisogeza mbele hatua moja. Kwenye "Common People" ya 2025, mke anapona kwa huduma ya ubongo inayolipiwa kila mwezi. Bei inapanda, bila kulipia kifurushi cha juu, anaanza kutamka matangazo bila kujijua. Ni bando, ila la uhai.

Pale Singe, Babati, hilo halihitaji maelezo marefu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kilio cha wakopaji nchini kilikuwa kilekile: ukichelewa kulipa, meseji za kukudhalilisha zinakwenda kwa bosi, kwa rafiki, hadi kwa mama mkwe (hapo ndipo pabaya). Na namba zao programu ilizipata siku ile ulipobonyeza "kubali" bila kusoma.