Mvua Isiyotunyeshea

Kuanzia Bunju hadi Chamazi, siku hizi si ajabu kukuta begi la mgongoni na hema vimeegeshwa sebuleni vikingoja Ijumaa. Vijana wa pembezoni mwa Dar es Salaam wameshaizoea misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Sasa wanataka Engare Sero, chini ya Oldoinyo Lengai, jirani na Ziwa Natron. Nchi ile ni kame, majivu na mawe matupu, mpaka uingie korongoni, ukatize mto kwa miguu mara kadhaa huku kuta zikikubana, ndipo maporomoko yakupokee. Uzuri wake sitaupigia debe. 

Langu ni moja. Korongo la nchi kame haliui kwa mvua inayokunyeshea, linaua kwa mvua iliyonyesha huko juu, mbali, wakati wewe unapaka mafuta ya jua. Ardhi ya mawe hainywi maji. Yote hukimbilia kwenye ufa mmoja. Katika Korongo la Njorowa, Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, vijana 7 wa kundi la kanisa walifariki Aprili 2012. Hiyo ilikuwa masika, mtu angesema walijua. Lakini tarehe 1 Septemba 2019 watu wengine 7, akiwemo mwongozaji wao, walichukuliwa na maji palepale, mwezi ambao wengi wetu tungeuita wa kiangazi.

Sisi wa Dar tusingepaswa kuhitaji somo hili. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, na mkazi wa bondeni anajua kwamba mvua ya Kisarawe ni habari yake hata kama paa lake ni kavu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na familia nyingi za bondeni zikapewa viwanja Mabwepande, Kinondoni. Watoto wa familia hizo ni vijana sasa. Nisingependa kuwasikia wamefunga hema kwenye mchanga wa korongo.

Maana mchanga ule unadanganya. Ni laini, umesawazika, hauna jiwe la kukuchoma mgongoni, kila mchovu anaupenda. Aliyeusawazisha ni mafuriko yaliyopita. Inua macho: ukiona nyasi kavu na vijiti vimenasa kwenye mwamba juu ya kichwa chako, hapo ndipo maji yalipofika. Na mto ukianza kubadilika rangi, usisubiri picha ya mwisho, panda juu.

Lakini lawama zangu kubwa haziendi kwa mwenye hema. Ziende kwa waratibu wa safari. Tangazo linasambazwa WhatsApp, michango inakusanywa, basi linakodiwa, na tangu hapo hakuna mwenye ubavu wa kusema turudi. Mwongozaji mwenyeji, ambaye anayatazama mawingu ya milimani tangu alfajiri, anaonekana mharibifu wa sherehe. Huo ni upuuzi. Neno lake liwe la mwisho, na alipwe siku hiyo hata kama hakuna aliyeingia korongoni.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatuma pesa yako muulize mratibu: nani ana mamlaka ya kuahirisha safari, na ikiahirishwa fedha zetu zinakuwaje? Akikosa jibu, usimlipe.