Motokaa za Otomatiki na Mshale wa Mwendo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalobishaniwa sana kila wanafunzi wa sasa na wa zamani wanapokutana hapa Nyundo. Je, motokaa ndogo ya otomatiki ni nzito kushika mwendo? Na je, mshale wake wa mwendo ni wa kuaminiwa?

Jambo hili si la mchezo. Mwaka 2024 Rwanda ilianza kuruhusu mtihani wa udereva ufanywe kwa motokaa ya otomatiki. Kabla ya hapo kila mtahiniwa alilazimika kukanyaga klachi. Ashindaye mtihani kwa otomatiki hupata leseni ya kuendesha motokaa za aina hiyo tu. Basi wengi wenu mnaosoma gazeti hili huenda msiguse klachi maishani mwenu. Wakubwa wetu husema kwamba huo ni udereva wa wavivu. Mimi sikubaliani nao. Lakini nasema hivi: otomatiki humpunguzia dereva kazi ya mkono na mguu, na papo hapo humnyang'anya msaada wa sikio. Asipojifunza kuutazama mshale na kuuelewa, atakwenda mbio pasipo kujua.

Kwanza tuangalie habari ya kushika mwendo. Katika motokaa ya klachi, injini na magurudumu hufungamana. Tuseme kwamba katika gia ya tatu injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, gari huenda kilomita 60 kwa saa. Basi injini ikizunguka mara 4,000 katika gia ile ile, gari litakwenda kilomita 80, bila kuzidi wala kupungua. Ndiyo sababu madereva wa zamani waliweza kukadiria mwendo kwa kusikiliza tu.

Katika otomatiki ya kawaida mambo ni mengine. Kati ya injini na gia pana chombo kilichojaa mafuta. Injini huyasukuma mafuta, nayo mafuta huzisukuma gia, kama vile feni moja iwezavyo kuizungusha nyingine kwa upepo wake. Gari linapoondoka, chombo hiki huongeza nguvu ya kuzungusha hata kufikia karibu mara mbili. Lakini mafuta huteleza, na sehemu ya kazi ya injini hupotea ikawa joto. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilipoanza kuuza giaboksi ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, hasara hiyo haikuonekana sana, maana injini za magari yale zilikuwa kubwa. Mwenye injini ya lita moja huiona mara moja. Tena otomatiki nyingi za zamani katika motokaa ndogo zilikuwa na gia tatu au nne tu, wakati wenzao wa klachi walikuwa na tano. Hapo ndipo ilipotoka sifa mbaya ya uzito. Siku hizi giaboksi hujifunga yenyewe gari likishashika mwendo, mafuta yasiteleze, na gia zimeongezwa. Tofauti imekuwa ndogo, na baadhi ya otomatiki huzishinda za klachi.

Iko aina ya pili isiyo na hatua za gia kabisa, bali ina ukanda unaopanda na kushuka juu ya puli mbili. Kampuni ya DAF ya Uholanzi iliuonyesha ulimwengu motokaa ndogo ya namna hiyo mwaka 1958. Leo motokaa ndogo nyingi kutoka Japani hutumia ukanda wa chuma. Hii ndiyo inayolidanganya sikio kuliko zote. Ukikanyaga mafuta, injini huweza kupanda hadi mizunguko 4,000 ikakaa pale pale ikivuma, huku gari likitoka kilomita 40 mpaka 80. Sikio lasema, "Hatujaongeza kitu." Kumbe mwendo umekuwa maradufu!

Hapa kwetu kuna sababu nyingine ambayo watu huisahau. Maji ya Ziwa Kivu yako kiasi cha mita 1,460 juu ya bahari, na barabara itokayo Gisenyi kupitia Nyundo kwenda Musanze hupanda kupita mita 2,000. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Basi huko mlimani injini ile ya lita moja imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu iliyokuwa nayo pwani ya Mombasa. Watu huilaumu giaboksi kwa kosa la hewa.

Kwa hiyo mtu anayetaka kulipita lori mlimani na akumbuke mambo mawili. Nguvu ni chache, na otomatiki husita kidogo kabla ya kushusha gia hata ukikanyaga mafuta mpaka chini. Kusita huko ni kufupi, lakini lori lijalo mbele halikungojei. Shusha gia mapema, kabla hujatoka upande wako.

Sasa tuje kwenye mshale wenyewe. Wengi hudhani kwamba spidomita huipima injini. Sivyo. Mwaka 1902 Mjerumani Otto Schulze alipata hataza ya spidomita ambayo ndani yake sumaku huzunguka na kukivuta kikombe chepesi cha madini chenye mshale. Katika motokaa za miaka mingi baadaye, sumaku hiyo ilizungushwa na waya uliotoka upande wa nyuma wa giaboksi, yaani baada ya gia zote. Katika motokaa za sasa kuna kifaa cha umeme kinachohesabu mizunguko ya giaboksi upande huo huo, au ya magurudumu yenyewe. Basi uwe katika gia ya kwanza au ya tano, uwe na klachi au otomatiki, mshale hufuata magurudumu. Otomatiki peke yake haibadilishi hesabu ya mshale hata kidogo.

Yanayobadilisha ni mengine. Tairi kubwa kuliko zilizowekwa na kiwanda huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na mshale ukaonyesha mwendo pungufu. Tairi zilizolika hufanya kinyume chake. Tena liko jambo la giaboksi kuukuu. Nimepata kupanda motokaa moja ndogo ambayo fundi aliifunga giaboksi ya otomatiki iliyotoka katika gari la aina nyingine, asibadilishe kile kigurudumu chenye meno kinachozungusha waya wa spidomita. Mshale ulisimama kwenye 60. Nikatazama saa yangu tulipopita mawe mawili ya kilomita: sekunde 51. Gawanya 3,600 kwa 51, utapata zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Mwenye gari alikuwa akizilaumu kamera za polisi!

Huenda mtu akasema, "Mbona spidomita zote huzidisha? Basi naweza kuongeza kumi." Ni kweli kwamba kanuni nambari 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza mshale kuonyesha mwendo ulio chini ya ule wa kweli, na inauruhusu kuzidi kwa moja ya kumi na kilomita 4 juu yake. Ukienda kilomita 60 za kweli, mshale waweza kusoma hata 70. Lakini hicho ni kipimo cha gari lililotoka kiwandani. Baada ya kubadilishwa tairi au giaboksi, nani atakuhakikishia? Hesabu ya sekunde ndiyo hakimu, na siku hizi simu inayopokea habari za setilaiti huweza kukusaidia. Mwenzako aliyeketi kando na ashike saa au simu, wewe ushike usukani.

Tofauti ya kilomita kumi si ndogo. Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba nguvu ya kugonga hukua kwa mraba wa mwendo. Toka 60 mpaka 70, nguvu hiyo huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Katika barabara yetu wapo watoto wanaotoka shule, na wapo vijana wa baisikeli walioshehenesha magunia ya viazi, ambao hawawezi kuruka pembeni upesi.

Tena kuna mteremko wa kwenda Gisenyi, ambako malori yamepata kukosa breki zaidi ya mara moja. Otomatiki ikiachwa kwenye D huko, mara nyingi hupandisha gia, injini ikatulia kimya, na gari likajiongezea mwendo lenyewe. Dereva husikia utulivu akadhani ni usalama. Breki zikishapata moto, ndipo anapoutazama mshale, naye amechelewa. Afadhali ashushe kwenye 2 au L kabla ya kuanza kuteremka, injini imshikie gari.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Shule za udereva zisiridhike na kumfundisha mwanafunzi wa otomatiki kuweka D na kukanyaga mafuta. Zimfundishe kushusha gia mlimani na mteremkoni, na kuupima mshale kwa saa. Wakubwa wetu nao waache kuwacheka vijana, wawape ujuzi waliokuwa wakiupata kwa sikio. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini dereva mgeni yampasa aambiwe atazame nini.

Wasalaam.

Ni mimi, mwanafunzi wa zamani,
Nyundo.