Mkesha wa Matanga

Kufa kuna ada yake kama kuzaliwa kulivyo na ada yake. Mtoto azaliwapo hupokewa na watu, na mtu afapo husindikizwa na watu. Katika sehemu za magharibi ya Kenya, kwa Wajaluo na kwa Waluhya, usindikizaji huo ulikuwa wa usiku. Mwili ulilazwa nyumbani, moto ukakokwa uani, na majirani wakaketi mpaka alfajiri. Kwa Wajaluo, alipofariki mwanamume wa makamo ya uzee, moto wake mkubwa uliitwa magenga, na wanaume walilala kando yake. Desturi hii yafifia. Wako wasemao kuwa kufifia kwake ni maendeleo. Mimi nasema ni hasara, na nakuomba, msomaji, uzipime hoja zao pamoja nami.

Hoja yao ya kwanza ni kuwa mkesha hauna kazi tena. Zamani, wasema, watu walikesha ili fisi wasiufikie mwili. Leo iko mochari yenye mlango na kufuli. Lakini kama kazi ilikuwa kulinda mwili tu, moto na mbwa wawili wangalitosha. Waliokesha waliwalinda walio hai. Mchana mfiwa ana wageni wa kupokea na kaburi la kuchimbisha. Usiku hana shughuli ila kukumbuka. Mochari huhifadhi maiti, haimhifadhi mjane. Tena, penye moto ule ndipo kijana alipojua nani ni mjomba wake, nani ni shangazi yake, na ukoo upi haruhusiwi kuuoa. Ndipo wazee walipoeleza marehemu alivyoishi, amemwazima nani na anadaiwa na nani. Ni darasa gani lingine lifundishalo mambo hayo?

Hoja ya pili ni gharama. Wasema kuwa matanga huwafilisi wafiwa. Ni kweli kuwa huwafilisi, bali tuulize ni kitu gani kiwafilisicho. Ni mwili kuwekwa mochari wiki mbili au tatu, huku ada ikihesabiwa kila siku, ili fedha za mazishi ya fahari zipatikane. Ni hema, ni vipaza sauti, ni magari ya kukodi. Kuketi karibu na mfiwa hakuuzwi dukani. Jirani mwema huja na kuni zake, unga wake na sukari yake, akaondoka asubuhi bila kumdai mtu kitu. Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, tumejifunza kutuma mchango kwa simu, na jambo hilo ni jema. Lakini wengi wetu hudhani kuwa aliyetuma amekwisha kwenda. Mchango hununua jeneza. Hauwezi kumshika mfiwa mkono saa 9 za usiku.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nayo ni ya disko matanga. Wasema kuwa mkesha umekuwa mahali pa pombe, pa ugomvi, na pa kuwaharibu wasichana wa shule. Hapa siwapingi. Ngoma ya vipaza sauti ipigwayo mpaka kuche, hali mwenye nyumba hawezi kulia akasikika, ni aibu kwetu, na machifu waipigao marufuku wafanya wajibu wao. Lakini disko si mkesha. Ni mwizi aliyevaa nguo za mkesha, nasi hatumzikii mwenye nguo makosa ya mwizi.

Huenda kijana mmoja akanijibu kuwa hata wazee walicheza na kuimba matangani. Naam, waliimba. Mpiga nyatiti alikaa na chombo chake cha nyuzi 8, akamtaja marehemu kwa jina, akawataja wazazi wake, akasifu matendo yake na kumlilia. Muziki ule ulijua ni nani aliyefariki. Sahani ya disko haijui. Ingepigwa vivyo hivyo harusini au sokoni bila neno lake moja kubadilika. Hiyo ndiyo tofauti, nayo si ndogo.

Tumekwisha kuonja nchi isiyo na mkesha. Tangu tarehe 27 Machi 2020 mpaka tarehe 20 Oktoba 2021, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, watu wa Kenya walikatazwa kutembea usiku. Mwanzoni amri ilikuwa tangu saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri, na waombolezaji mazishini walikuwa 15 tu. Amri ilikuwa na sababu, maana ugonjwa ulikuwa ukiua. Lakini jioni ilipoingia, mfiwa alifunga mlango, akabaki na msiba wake ndani. Tulivumilia kwa kuwa tulilazimishwa. Leo hakuna anayetulazimisha. Tukimwacha mfiwa peke yake sasa, tumemwacha kwa hiari yetu.

Basi nashauri nini? Mwili usikawizwe kwa ajili ya fahari. Mkesha uwe wa usiku mmoja. Vipaza sauti na pombe visikanyage uani. Watoto wadogo walale mapema chini ya macho ya mama zao, na wakubwa waketi.

Wahenga walisema kuwa kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Wewe, kijana usomaye, ndiwe wa mbali unayengojewa. Jirani yako akifiwa, usiulize kuna muziki gani. Omba ruhusa kwa wazazi wako, chukua kuni na blanketi, uende pamoja nao ukaketi. Usipokuwa na la kusema, nyamaza. Mfiwa hakuhitaji ufasaha wako. Huhitaji kuona, kila ainuapo kichwa usiku ule, kuwa bado upo.