Majina Yasishuke Bila Sababu

Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Tabora ikatua, maana hapo njia iligawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine Karagwe hata Buganda. Januari 1958 TANU nayo ilifika Tabora ikakuta njia panda. Serikali ya mkoloni ilikwisha tangaza kura tatu: kila mpiga kura sharti amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Wajumbe wengi walikuja na neno moja tu, tususie.

Walibishana siku kadhaa. Julius Nyerere akaeleza kwamba kususia ni kuwaachia viti watu wa UTP, chama kilichopendwa na Gavana Twining. Wajumbe wakapiga kura, wakakubali kuingia. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitoa akaanzisha African National Congress. Twamheshimu kwa hilo: alitoka mchana kweupe.

Likabaki jambo zito zaidi. Wakati ule Wazungu na Waasia hawakuruhusiwa kuwa wanachama wa TANU; mlango huo ulifunguliwa baada ya Uhuru. Hata hivyo wanachama waliambiwa wawapigie kura watu wasio na kadi, kina Sophia Mustafa, Derek Bryceson na Lady Chesham. Wakawapigia! Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 UTP ilishindwa vibaya. Uamuzi ule ulikuwa mchungu, lakini wajumbe walirudi matawini na sababu yake mkononi.

Sasa tazameni Mbulu, mwaka 1960. Katika viti 71, TANU ilikosa kimoja tu, na kilichukuliwa na mwana-TANU, Herman Sarwatt, aliyesimama mwenyewe kumpinga mgombea rasmi, Chifu Amri Dodo. Watu wa Mbulu hawakukikataa chama. Walikataa jina walilopewa. Mwaka 1965 desturi ikabadilika: mkutano wa wilaya ulipiga kura, Halmashauri Kuu ikateua wawili, mmoja jembe na mwingine nyumba, na wananchi wakaamua. Hata mawaziri walianguka.

Siku hizi wanachama hupiga kura za maoni, na vikao vya juu vina neno la mwisho. Hatusemi vinyang'anywe neno hilo. Wajumbe wachache wa wilaya hununulika kwa bahasha na kanga, nani asiyejua? Mtu wa namna hiyo akatwe, hata akiongoza kwa kura mia. Lakini akikatwa aliyeongoza, asiletewe mwanachama karatasi yenye jina la mwingine na kuambiwa apige makofi. Aje kiongozi aliyeshiriki kukata, asimame mbele ya mkutano ule ule uliopiga kura, aseme sababu. Kama ni rushwa, aitaje. Kama ni kadi ya juzi, aitaje. Kama ni kumpendelea mtu wake, basi wajumbe watamtambua kwa kigugumizi. Wataulizana naye, pengine hadi usiku. Tabora walikesha na neno moja siku kadhaa, na miembe ya njia ile ya misafara ingali pale.